Mahari ya Mashine

Bega langu la kulia ndilo lililoanzisha haya yote. Miaka kumi na sita nilikuwa nimesukuma randa ya mkono katika karakana yangu ya mabati, pembeni mwa mji wa Kitale. Randa ya mkono ikiwa imelala mezani huonekana chombo cha upole tu. Isukume kutwa nzima juu ya mbao ngumu za blugamu, kesho pia, kesho kutwa pia, ndipo utajua inaranda nini hasa. Asubuhi moja nilishindwa kuinua mkono kuvaa shati. Mke wangu alinivalisha kama mtoto huku akicheka, halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. Daktari alinibonyeza hapa na pale, akasema nikiendelea hivyo mwaka mmoja zaidi itabidi nitafute kazi nyingine au mkono mwingine.

Kazi nyingine sikuwa nayo. Baba alitoka mkoa wa kati akaja kununua shamba Trans-Nzoia, shamba likagawanywa kwa ndugu sita, na kipande changu kilikuwa kile ambacho ukipiga chafya katikati yake jirani anakwambia pole. Kilitosha nyumba, karakana na mistari michache ya sukumawiki. Kwa hiyo ilikuwa ama nipate mashine ya kuranda, ile kubwa ya chuma inayomeza ubao upande huu na kuutoa laini upande wa pili, ama nifunge karakana. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nilikuwa natafuta ufahari.

Fundi mmoja wa Naitiri ndiye aliyeniambia kwamba kuna mzee Bungoma mwenye mashine ya namna hiyo na hana tena kazi nayo. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika kwa watu kama sisi, lakini fundi yule alinielekeza kizamani: shuka Kibabii, uliza mwalimu wa useremala. Nikashuka, nikauliza, nikaonyeshwa.

Mzee alikuwa mrefu, amestaafu, na masikio yake yalikuwa yamechoshwa na kelele za mashine za maisha mazima, hivyo alizungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kibanda, akaondoa gunia, na mashine ikawa hapo. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, lakini meza yake iling'aa kwa mafuta. Hakuniuliza natoka wapi wala nina uwezo gani. Alitoa sarafu ya shilingi mfukoni mwa shati, akaisimamisha kwa ukingo juu ya meza ya chuma, kisha akavuta swichi. Mashine ikanguruma hadi kuku wakatimka uani. Shilingi ilisimama palepale.

"Ona," akasema alipoizima. "Mashine nzuri hairuki. Inarara."

Inalala, nikamsahihisha moyoni. Lazima nikiri tabia yangu hii mbaya, maana ndiyo iliyoniponza. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili, na kanisani ni mimi niliyesomeshwa matangazo. Watu wengi wa upande wa Bungoma huzibadilishia zamu r na l, na mimi nilizoea kuwacheka. Mama yangu mzazi, ambaye lugha yake haina l kabisa, nilimsahihisha kila siku ya Mungu mbele ya wajukuu. Nyani haoni kundule.

Bei tulielewana kabla chai haijapoa. Shida ilikuwa sharti. Wanawe walitaka kile kibanda kivunjwe wakija nyumbani Desemba, wajenge vyumba vya kupangisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshafika na nyundo zao, wakaizunguka mashine wakipanga waanze kuivunjia wapi. Mzee aliwafukuza, lakini alijua Desemba watarudi, na wanawe watawafungulia lango. Hata hivyo hakuwa tayari kumpa mtu yeyote tu.

"Huyu ni msichana wangu wa mwisho," alisema, ameweka kiganja juu ya chuma. Msumeno na mashine ya kutoboa alikuwa ameziuza kwa mafundi wa Myanga. "Hao wengine wote waliorewa vizuri. Huyu sitamtoa ovyo. Kwanza nije nione."

Aone nini, sikuuliza. Ilikuwa mwezi wa Machi, Desemba ilikuwa mbali, na nilirudi Kitale bega halinisumbui hata kidogo.

Karakana yangu ilikuwa na stima, lakini stima ya taa na redio. Fundi wa umeme niliyemwita alitazama kisanduku cha mita, akatazama karatasi niliyonakili maneno yaliyoandikwa kwenye mota ya mzee, akatikisa kichwa. Mota ile ilitaka fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto badala ya mmoja. "Ukiunganisha hapa utawazimia watu wote taa mtaani, bana," akaniambia, "na mashine yenyewe italia tu bila kuzunguka." Basi nikaenda ofisi ya stima kuomba fezi tatu.

Nilijaza fomu. Nikaambiwa mpimaji atakuja Jumanne. Nilikaa getini Jumanne tatu mfululizo nimevaa shati safi. Mwezi wa Mei nikaambiwa fomu yangu haionekani, ati labda sikuileta, na mimi nilikuwa nimeshika nakala yake yenye muhuri wao. Nikajaza nyingine. Mpimaji alikuja hatimaye siku niliyokwenda maziko ya jirani, akamkuta mama yangu, akamwuliza mashine iko wapi. Mama akasema mashine iko Bungoma. Mpimaji akaandika kwamba hakuna mashine, akaondoka. Ilinichukua wiki sita kufuta sentensi hiyo moja kwenye faili.

Mwezi wa Agosti lori lilikuja likaangusha nguzo moja mbele ya geti langu. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nguzo ile ililala pale. Mbuzi walijikuna nayo, wanawake wakaanikia maharagwe juu yake, na mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akahamisha jiko lake kutoka kona akaifanya kiti cha wateja. Kila asubuhi nilipotoka nilikuta watu wamekaa juu ya stima yangu wakitafuna mahindi, wananisalimu vizuri kabisa. Nilikuwa naipiga nguzo ile teke nikipita. Mke wangu aliniambia nisimalize miguu nayo, maana bega tayari lilikuwa limekwisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema wenye lugha, na mimi ilikuwa imeshaanza kuniumizia na nyumba.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Miezi yote hiyo niliyokuwa nikipigana na ofisi ya stima, sakafu ya karakana sikuigusa. Ilikuwa udongo mtupu ulioshindiliwa na miguu, na maranda ya miaka kumi na sita juu yake. Hesabu yangu ilikuwa hii: bila stima, sakafu ya nini? Stima ikija nitamwaga zege wiki moja, yaishe. Mtu akiniuliza maendeleo nilimwonyesha nguzo.

Mwezi wa Oktoba, siku ya Jumatatu, mzee akanipigia simu. Simu ilikuwa ya mtu mwingine, na alikuwa akipiga kelele kana kwamba sauti inatembea kwa miguu kutoka Kibabii.

"Fundi, sikiriza. Jumamosi nakuja kuona mahari."

"Mahari, mzee?" nikauliza.

"Eeh, mahari. Nikipenda, mashine ni yako."

Nikauliza mahari gani, nikauliza tena kwa sauti zaidi, lakini masikio yale hayakuwa ya simu. Akakata.

Nilikaa juu ya kigoda nikifikiri. Nikamweleza mke wangu. Yeye hakuona ajabu yoyote. Si mzee mwenyewe alisema ni msichana wake wa mwisho? Si alisema wengine waliolewa? Mzee anataka heshima, akasema, na bei ni kitu kingine na heshima ni kitu kingine. Mkono mtupu haulambwi. Nami, bingwa wa Kiswahili, nikaona huyu mzee sasa amezungumza kwa mafumbo mazuri, na kwa mara ya kwanza ametamka neno sawasawa.

Tulihangaika wiki nzima. Mke wangu alitafuta blanketi zito la rangi ya kahawia, la aina anayopewa mzazi siku ya posa. Nikatafuta jogoo mweupe. Tukaweka kreti ya soda, maana sisi ni watu wa kanisa na pombe hatuingizi. Nilikwenda kuwaomba wazee wawili wa kanisa waje kunisemea, kwa kuwa mtu hajisemei mwenyewe kwenye jambo la mahari. Walishangaa kidogo waliposikia bibi harusi ni mashine, lakini walipoambiwa kuna chakula wakaacha kushangaa. Ijumaa nilifagia karakana, nikapanga viti, na ili pawe pazuri nikatandaza maranda mapya, meupe, yanayonukia, kutoka ukuta hadi ukuta.

Mzee alifika saa nne. Kwapani alikuwa na pimamaji, ule ubao wenye kichupa cha maji wa kupimia usawa, na mfukoni futi ya kukunja. Niliviona vitu hivyo kwa macho yangu. Nikajiambia fundi ni fundi, hata posani huenda na vyombo.

Aliwasalimu wazee wa kanisa, akamsalimu mama yangu aliyekuwa ameketi mlangoni, akakataa kiti. Akatembea hadi katikati ya karakana, akasimama, akasukuma maranda kwa kisigino. Chini ukatokea udongo. Akasukuma pengine. Udongo. Wakati huohuo mzee mmoja wa kanisa alisimama, akakohoa, akasema kwamba msafiri ni aliyeko bandarini, kwamba sisi tumeona jiko zuri katika boma la Bungoma, na kwamba mahari yenyewe ndiyo hii. Akalikunjua blanketi.

Mzee wa Bungoma hakuwa amesikia hata neno moja. Aliliona blanketi tu. Alilitazama, akautazama udongo, akanitazama mimi.

"Unanipa branketi nisione chini?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba ni mahari, kama alivyosema. Akaonyesha chini kwa pimamaji. "Mahari gani hii? Hii ni mchanga!"

Ni mama yangu aliyejibu kutoka mlangoni, bila hata kugeuza kichwa. "Si amesema mahari," akasema. "Mahari pa kuweka mashine. Kwani wewe husikii Kiswahiri?"

Mahali. Mtu alikuwa ametoka Bungoma kuja kuona mahali, nami nimemtandikia maranda na kumwitia wasemaji. Kati ya watu wote waliokuwa mle ndani, aliyeelewa ni yule niliyekuwa nikimsahihisha kila siku. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na aibu ile haikuwa ya kuchekwa, maana hakuna aliyecheka. Mzee, aliyekuwa hajamsikia mama, aliamini nimejaribu kumhonga. Alikunywa soda kwa sababu ni mtu wa adabu, akaiacha nusu, akasema Desemba wanawe wanakuja na yeye hana la kuongeza. Blanketi aliliacha kwenye kiti. Jogoo tulimla sisi wenyewe, na hakuwa na ladha.

Usiku kucha bega liliuma. Jumatatu nikaanza kuchimba.

Lakini msingi wa mashine huwezi kuumwaga bila kujua miguu ya mashine imekaaje, na miguu ilikuwa Bungoma. Ikabidi nirudi kwa mzee na kipande cha plaiwudi ili nichore matundu ya bolti. Alinipokea kama mtu anavyompokea mkusanya kodi. Nilijaribu kumweleza kilichotokea, lakini kadiri nilivyopaza sauti ndivyo neno lilivyozidi kuwa lilelile. Mwishowe nikatoa penseli ya kazi, nikaandika kwenye plaiwudi kwa herufi kubwa, moja chini ya jingine: MAHALI. MAHARI. Nikampa asome.

Alivaa miwani. Akasoma la kwanza kwa sauti, "Mahari." Akasoma la pili, "Mahari." Akaniangalia. "Si hii ni neno moja?"

Nikachora ng'ombe kando ya la pili. Ng'ombe wangu alifanana na meza yenye mkia, lakini alitosha. Mzee alimtazama ng'ombe, akatazama maneno, na nikaona kifua kinaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mashine asianguke. Alimwita mkewe aje aone, na mkewe akacheka, na mimi nikacheka pia, ingawa nilikuwa bado na hasira na nafsi yangu na nilijua siku zinakwisha.

Baada ya hapo alinifundisha. Msingi wa mashine usishikane na sakafu. Uwe pandikizi la zege peke yake, linalofika kina cha goti, na pande zote liachwe nafasi ya vidole viwili ijazwe mchanga, ili mtikisiko wa mashine usitembee hadi kwenye kuta. Bolti zisimamishwe kwenye kiolezo cha mbao kabla ya kumwaga. Halafu magunia yenye maji juu yake, asubuhi na jioni, wiki nne, na mtu asiyakanyage hata akiwa askofu.

Nilifanya yote. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilimaliza kumwaga sakafu, nikailainisha hadi ikawa kama bamba la ugali, ndipo fundi wa umeme alipopita akauliza bomba la kupitishia nyaya chini ya sakafu liko wapi. Lilikuwa nje, limeegemea ukuta, ambako nilikuwa nimeliweka ili nisilisahau. Siku mbili nilipasua zege langu mwenyewe kwa patasi na nyundo, kwa mkono wa kushoto. Nilitukana. Nasema wazi kwamba nilitukana, na anayesoma matangazo kanisani wiki ile alikuwa mwingine. Kisha ikaonekana mlango ni mwembamba kuliko mashine, nikabomoa ukuta mmoja pia. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mzee alirudi wiki ya pili ya Desemba. Safari hii hapakuwa na viti wala soda. Aliweka pimamaji juu ya msingi, akaugeuza, akaupeleka pembe hii na pembe ile. Akapima bolti kwa futi. Akapanda juu ya zege akaruka mara mbili, mzee wa umri ule. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikingoja swali, na likaja.

"Stima iko wapi?"

Nilimwonyesha nje, ng'ambo ya geti. Wateja wawili walikuwa wamekaa juu ya nguzo wakila mahindi. Nilijua yamekwisha. Miezi tisa nilikuwa nimekimbiza stima, na sasa mzee angesema harusi haiwezi kufanyika gizani, na angekuwa na haki.

"Stima itakuja tu," akasema, akikunja futi yake. "Mahari ndiyo haiji yenyewe."

Mashine iliondoka Kibabii siku mbili kabla ya wanawe kufika, juu ya lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Tuliisukuma juu ya mabomba hadi kwenye msingi, bolti zikaingia kwenye matundu yake yote manne bila kupigwa hata nyundo moja. Mzee alizifunga nati mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba taabu ziliishia hapo. Ofisi ya stima walikuja Februari wakasimamisha nguzo, na mama wa mahindi akanilaumu mimi. Kisha wakasema transfoma iliyotengwa kwa ajili yetu imepelekwa kwingine kulikokuwa na haraka zaidi. Mwaka mzima mwingine ukapita. Mwaka mzima mashine ilikuwa imesimama katikati ya karakana, imefunikwa lile blanketi la kahawia ili vumbi lisiiingie, na mimi nimesimama kando yake nikisukuma randa ya mkono. Sijui kama kuna adhabu iliyotungwa kwa ustadi zaidi ya hiyo. Bega lilifika mahali ambapo sikuweza kumaliza ubao mmoja, ndipo mke wangu alipoacha kazi zake za mchana akaja kushika randa nyuma na mimi mbele. Tulisukuma pamoja, siku baada ya siku, wateja wakitushangaa. Mara moja alisimama akafuta jasho, akalitazama blanketi. "Kama hii ni mahari," akasema, "basi mimi ndiye ninayeilipa." Hakutania. Nikaishika tena randa mbele, tukamaliza ubao.

Stima ya fezi tatu iliwashwa karakanani kwangu asubuhi moja ya kawaida, bila sherehe, na vijana wawili walioshuka ngazi wakaniomba maji ya kunywa. Nilipiga simu Bungoma kabla hata hawajaondoka. Mkewe ndiye aliyepokea. Akasema mzee hashiki simu siku hizi, hasikii chochote tangu mvua iliyopita, lakini atamwandikia kwenye karatasi. Kesho yake mzee alikuwa getini.

Alizeeka mwaka ule. Aliingia, akaliondoa blanketi juu ya mashine, akalikung'uta maranda, akalikunja polepole mara nne, akalitia begani. Akanitazama kuona kama nina neno. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Fundi wa umeme alivuta swichi. Rola ikazunguka, lakini ikazunguka kinyume, ikiutema ubao niliouingiza badala ya kuumeza. Mzee aliona kabla yetu sote, akainua mkono, akaonyesha vidole viwili na kuvipishanisha. Fundi akazima, akabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, akafunga tena kifuniko. Ndivyo fezi tatu zilivyo, kugeuza mwendo ni kupishanisha mbili tu.

Mzee akatoa shilingi mfukoni mwa shati. Akainama juu ya meza, ameupa mgongo ukuta wenye swichi, akaisimamisha sarafu kwa ukingo, akaondoa vidole taratibu. Akaendelea kuinama akiitazama. Nikampa fundi ishara, akawasha.

Mashine ikanguruma ikazunguka ipasavyo. Mabati juu yetu yakaitika, mama yangu nje akauliza kuna nini, na sarafu ikasimama bila kutikisika, kana kwamba imechomelewa. Nilikuwa nimeisubiri sauti ile tangu siku nilipovalishwa shati. Machozi yalinitoka, na sikujificha. Mzee bado alikuwa ameinama. Aliitazama shilingi kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Umewasha?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nikakumbuka haina maana. Nikamshika mkono, nikakiweka kiganja chake juu ya meza ya chuma, pale karibu na sarafu. Alikaa hivyo amefumba macho, blanketi begani.

"Imerara," akasema.

"Ndiyo, mzee," nikamwambia, ingawa hakunisikia. "Imerara."